Paul Robeson: Mwigizaji na Umilikaji wa Maneno

Utangulizi

Mwigizaji ni mtu ambaye kazi yake ni kusema maneno ya mwenziwe kana kwamba ni yake. Mtunzi huandika, mwongozaji huelekeza, na mwenye jumba la maonyesho hulipa gharama. Lakini hadhira haimwoni mtunzi wala tajiri wake. Inachokiona ni mwili wa mwigizaji, na inachokisikia ni sauti yake. Historia za waigizaji kwa kawaida huandikwa kama orodha ya nafasi walizoigiza na sifa walizozipata. Ni nadra kuulizwa swali ambalo, kwa mwanafunzi wa lugha, lingestahili kutangulia mengine yote: maneno hayo yalikuwa ya nani, na aliyeyasema alikuwa na mamlaka gani juu yake?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata maisha ya Paul Robeson (1898–1976), Mmarekani Mweusi aliyeigiza jukwaani na katika sinema tangu mwaka 1920 hadi 1959. Yapo mambo mawili hasa yanayomfanya Robeson astahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha za Kiafrika. La kwanza ni kuwa alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Afrika mjini London katika miaka ya 1933 na 1934. La pili ni kuwa mara tu baada ya masomo hayo aliigiza nafasi ya Mwafrika katika filamu iliyosifu ukoloni, na katika kundi la watu waliosimama nyuma yake alikuwamo Jomo Kenyatta. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba masomo ya lugha hayakuwa burudani ya pembeni katika maisha ya mwigizaji huyu. Yalikuwa sehemu ya ugomvi wa muda mrefu baina yake na wale walioandika maneno aliyotakiwa kuyasema.

Malezi ya msemaji

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, katika jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma katika Chuo cha Lincoln huko Pennsylvania, na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto wa jiko, Paul akiwa bado mtoto mdogo. Malezi yake yakabaki mikononi mwa baba.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika historia ya ukoo huu mambo yalikwenda kinyume: utumwa ndio uliotangulia, na asili ikanyang'anywa. Lugha walizokuja nazo mababu kutoka Afrika zilikuwa zimekwisha kupotea, na hata jina la ukoo lilitokana na jina la familia iliyowamiliki. Mchungaji Robeson hakuwa na lugha nyingine ya kumrithisha mwanawe ila Kiingereza, naye alikusudia kumrithisha Kiingereza hicho kwa ukamilifu. Alimfundisha kusoma kwa sauti, kutamka kila neno kwa makini, na kuhutubu mbele ya watu. Ufasaha huo ulikuwa silaha ya mtu aliyefahamu kuwa, katika Marekani ya wakati ule, Mtu Mweusi alihesabiwa mjinga kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1915 Paul alipata nafasi ya masomo katika Chuo cha Rutgers, akiwa Mtu Mweusi wa tatu kuingia humo tangu kuanzishwa kwake. Alipata tuzo za kuhutubu, akateuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa kandanda ya Kimarekani katika taifa zima mwaka 1917 na 1918, na mwaka 1919 akachaguliwa kutoa hotuba ya kuwaaga wahitimu wenzake. Baada ya hapo alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923. Kazi ya sheria haikudumu. Katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani mmoja alikataa kuandika barua zilizosomwa na mtu wa rangi yake, na Robeson akaondoka. Kisa hiki si kidogo kama kinavyoweza kudhaniwa. Mtu aliyefunzwa kusema tangu utoto alikataliwa kwa sababu ya kusema tu: hakuna aliyepinga maana ya maneno yake, kilichopingwa ni haki ya mtu kama yeye kuyatoa.

Nafasi zilizoandikwa na wengine

Robeson alikwisha kuonja jukwaa kabla ya kuiacha sheria. Mwaka 1920 aliigiza Simon the Cyrenian huko Harlem, na mwaka 1922 akashiriki katika Taboo, tamthilia iliyompeleka Uingereza kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, jina lake lilianza kuvuma mwaka 1924, kundi la Provincetown la mjini New York lilipompa nafasi kuu katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, The Emperor Jones na All God's Chillun Got Wings.

Namna alivyoipata nafasi ya Brutus Jones yafaa ielezwe, kwani ndani yake mna mbegu ya yote yaliyofuata. Nafasi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1920 na Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi aliyejipatia sifa kubwa kwayo. Kadiri maonyesho yalivyoendelea, Gilpin alianza kuliacha neno la kuwatukana Watu Weusi ambalo mtunzi alilitumia mara nyingi, akaweka maneno mengine mahali pake. O'Neill alikasirika, kwa kuwa kwake maandishi yalikuwa mali ya mtunzi. Tamthilia hiyo ilipofufuliwa mwaka 1924, na ilipopelekwa London mwaka 1925, aliyesimama jukwaani alikuwa Robeson. Zilikuwapo sababu nyingine pia za mabadiliko hayo, lakini ukweli unabaki kwamba nafasi iliyomjenga Robeson ilikuwa imemtoka mtu aliyethubutu kuyasahihisha maneno aliyopewa. Robeson kwa wakati huo aliyasema kama yalivyoandikwa.

Tamthilia ya pili ilizua ghasia kabla haijaonyeshwa, kwa kuwa ilihusu mume Mweusi na mke Mweupe. Magazeti yaliipinga, vitisho vikatolewa, na ofisi ya meya wa New York ikakataa kutoa kibali cha watoto kuigiza katika onyesho la kwanza. Ikabidi onyesho hilo lisomwe kwa sauti mbele ya hadhira badala ya kuigizwa. Jambo hili lina mafunzo kwa wanaochunguza udhibiti wa sanaa. Serikali ya mji haikuyazuia maneno yenyewe. Ilizuia miili ya watoto Weusi na Weupe isionekane pamoja ikiyasema.

Mwaka uliofuata Robeson alifungua njia nyingine. Mwezi Aprili 1925, akisindikizwa na mpiga kinanda Lawrence Brown, alifanya onyesho la nyimbo za Watu Weusi peke yake, nyimbo za kiroho zilizotokana na maisha ya utumwani. Hapa hapakuwa na mtunzi mmoja aliyemiliki maandishi. Maneno yalikuwa ya jamii, yamepokezanwa kwa mdomo, na mwimbaji alikuwa na haki ile ile aliyo nayo fanani katika fasihi simulizi, yaani ya kuyapokea, kuyanyoosha na kuyatoa upya. Kuanzia hapo Robeson aliishi kwa kazi mbili ambazo kanuni zake zilipingana. Katika uimbaji alikuwa mrithi; katika uigizaji alikuwa mpangaji katika nyumba ya mwingine.

Mpaka huo ulianza kufifia mwaka 1928, alipoimba wimbo Ol' Man River katika Show Boat kwenye jumba la Drury Lane mjini London. Wimbo huo, wa Jerome Kern na Oscar Hammerstein wa Pili, ulitungwa kwa mfano wa nyimbo za Watu Weusi lakini haukutoka kwao. Maneno yake yalimchora mchukuzi wa mtoni aliyechoka na maisha na kuiogopa mauti. Hadhira iliupokea kama sauti halisi ya taifa zima la watu, na Robeson akafungamanishwa nao maisha yake yote.

Darasa la London

Robeson aliishi Uingereza kwa sehemu kubwa ya muda baina ya 1928 na 1939. Huko alikutana na wanafunzi, mabaharia na wanasiasa kutoka Afrika na Visiwa vya Karibea, na kukutana kwao kukamfanya auone upungufu ambao ufasaha wa Kiingereza haukuweza kuujaza. Alijiandikisha katika Chuo cha Mafunzo ya Mashariki cha London, ambacho mwaka 1938 kilikuja kuongezewa Afrika katika jina lake. Chuo hicho kilikuwa na mapokeo ya kufundisha Kiswahili. Alice Werner alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu hapo hadi alipostaafu mwaka 1930. Robeson alijifunza fonetiki, Kiswahili, na baadhi ya lugha za Afrika Magharibi kama Kiyoruba na Kiefiki.

Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1934, Robeson alitoa hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba lugha za Kiafrika zina utajiri wa kueleza fikira nyembamba na nzito, na kwamba kuziita lugha za kishenzi ni dalili ya ujinga wa anayesema hivyo. Ya pili ilikuwa kwamba usemaji wa Watu Weusi wa Marekani umehifadhi mwendo na mahadhi yaliyotoka Afrika, na kwa hiyo Mmarekani Mweusi anayejifunza lugha hizo haanzi ugenini, bali anarudi nyumbani.

Mtaalamu wa leo hawezi kuyapokea yote hayo bila ya kuyapima. Robeson alipenda kuzilinganisha lugha za Kiafrika na Kichina kwa sababu ya toni, akasahau kuwa Kiswahili chenyewe, mojawapo ya lugha alizokuwa akizisoma, si lugha ya toni. Afrika katika maandishi yake mara nyingi ni kitu kimoja kisicho na mipaka wala tofauti za ndani. Aidha, Kiswahili alikipata darasani na vitabuni, hakukipata Mombasa, Lamu wala Unguja. Tena kilikuwa Kiswahili kilichokuwa katikati ya kazi ya kusanifishwa: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikwisha kukubali lahaja ya Unguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki haikuwa na mjumbe Mwafrika katika miaka yake ya mwanzo. Mtu aliyekwenda kutafuta maneno ya asili yake aliyakuta tayari yamewekwa chini ya uangalizi wa wengine.

Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa sahihi kuliko baadhi ya mifano yake. Wakati ambapo wasomi wengi walizihesabu lugha hizi kuwa vifaa vya mmisionari na afisa wa wilaya, Robeson alizitazama kama hazina ya sanaa. Alitaka kujua ni tamthilia gani na ni uigizaji gani ungeweza kuzaliwa humo. Mkewe, Eslanda Goode Robeson, alisomea elimu ya jamii na mila mjini London, akasafiri mwaka 1936 kwenda Afrika Kusini na Uganda pamoja na mwana wao, na kuyaandika aliyoyaona katika kitabu African Journey kilichotoka mwaka 1945.

Bosambo

Ni katika hali hiyo ya matumaini kwamba Robeson aliikubali nafasi ya Bosambo katika filamu Sanders of the River. Filamu hiyo ilitokana na hadithi za Edgar Wallace, ikatengenezwa na Alexander Korda na kuongozwa na ndugu yake Zoltan Korda. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika na kurudi na picha na sauti za ngoma halisi, na Robeson aliposikia rekodi hizo aliamini kwamba kwa mara ya kwanza sinema ingeonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Kazi iliyobaki ilifanywa Uingereza, katika kijiji cha maturubai, na Waafrika waliokuwa wakiishi huko, wakiwamo mabaharia wa bandari ya Cardiff, walikodishwa ili kujaza kundi. Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wao.

Filamu ilipotolewa mwaka 1935, ilionekana wazi kuwa ni sifa kwa utawala wa Waingereza. Bosambo ni chifu mwaminifu anayemtegemea bwana wake, Sanders, kama mtoto anavyomtegemea mzazi. Picha za ngoma zilibaki, lakini zilikuwa mapambo tu. Hata nyimbo alizoimba Bosambo, ambazo wasikilizaji wengi walidhani ni za Kiafrika, zilitungwa na Mischa Spoliansky na kuandikiwa maneno na Arthur Wimperis. Robeson alieleza baadaye kwamba sura ya kibeberu iliingizwa katika siku za mwisho za kazi, akaikana filamu hiyo hadharani.

Utetezi wake una ukweli, ila hautoshi. Hadithi za Wallace zilikuwa zimekwisha kujulikana na kila msomaji wa Kiingereza, na jina la Sanders lilikuwa katika anwani. Kosa la Robeson lilikuwa kudhani kwamba uhalisi wa sauti na ngoma ungeweza kuushinda muundo wa hadithi. Alizijua sasa lugha za Afrika kwa kiasi fulani, lakini ujuzi huo haukumpa kauli juu ya mswada wala juu ya uhariri wa filamu. Kujua lugha ni jambo moja. Kuwa na mamlaka ya kusema kwa lugha hiyo ni jambo jingine.

Yafaa hapa kumtazama tena yule aliyesimama katika kundi. Katika miaka hiyo hiyo Kenyatta alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya Chuo cha University College, London, akitoa matamshi ya Kikuyu kwa ajili ya utafiti wa Lilias Armstrong, ambao ulichapishwa mwaka 1940 baada ya kifo cha mtafiti huyo. Kwa hiyo Kenyatta naye alikuwa akiikopesha sauti yake, mara kwa wenye sinema, mara kwa wenye isimu. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake mwenyewe, Facing Mount Kenya, ambamo aliueleza utamaduni wa Wakikuyu kwa kauli yake. Njia aliyoipitia kutoka kuwa sauti inayorekodiwa hadi kuwa mwenye maandishi ndiyo njia ambayo Robeson alikuwa akiitafuta katika sanaa yake.

Kuyasahihisha maneno

Baada ya Bosambo, Robeson alibadili mwenendo. Katika filamu Song of Freedom ya mwaka 1936 alipata mkataba uliompa haki ya kuikubali au kuikataa filamu katika hali yake ya mwisho. Mwaka huo huo aliigiza jukwaani mjini London nafasi ya Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, katika tamthilia iliyoandikwa na C. L. R. James, mwandishi Mweusi kutoka Trinidad. Mwaka 1938 aliziacha nafasi zenye malipo makubwa akaigiza katika jumba la Unity, kundi la wafanyakazi wa London. Katika The Proud Valley ya mwaka 1940 aliigiza mchimba makaa miongoni mwa wachimbaji wa Wales, watu aliokuwa na urafiki nao tangu awali.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea katika wimbo ule ule uliomtambulisha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930, na hasa baada ya kuitembelea Uhispania wakati wa vita mwaka 1938, Robeson aliibadilisha Ol' Man River kila alipoiimba katika maonyesho yake. Majina ya dharau aliyaondoa. Mahali ambapo mchukuzi alilalamikia uchovu na hofu ya kufa, Robeson aliweka azimio la kupambana mpaka mwisho wa uhai. Muziki ulibaki ule ule, nafsi inayosema ikawa nyingine. Alilolifanya Gilpin kwa siri ya jukwaa na kukaripiwa, Robeson sasa alilifanya mbele ya maelfu, na hapakuwa na aliyeweza kumzuia.

Sinema haikumpa nafasi kama hiyo. Mwaka 1942 alitokea katika Tales of Manhattan, akakuta kwamba wakulima Weusi wamechorwa tena kama watu wa kuchekesha. Aliikana filamu hiyo, akaiacha Hollywood moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka 44, na hakuigiza tena katika filamu ya hadithi.

Othello mara tatu

Huenda ikaonekana ajabu kwamba mtu aliyejali kiasi hicho asili ya maneno alifikia upeo wake katika tamthilia ya Mwingereza wa karne ya kumi na saba. Robeson aliigiza Othello katika maonyesho matatu makubwa: London mwaka 1930, New York mwaka 1943, na Stratford-upon-Avon mwaka 1959. Kabla ya onyesho la kwanza alifunzwa usemaji na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi aliyeigiza Othello katika jumba la Covent Garden mwaka 1833. Kwa njia hiyo aliingia katika silsila ya ufundi iliyopokezanwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto.

Mwaka 1930, akiwa na Peggy Ashcroft kama Desdemona, Robeson aliigiza kwa woga. Alikiri baadaye kwamba katika siku za mwanzo alikuwa akirudi nyuma kila mwenziwe alipomkaribia, kwa kuhofia hadhira. Mwaka 1943 hofu hiyo ilikuwa imekwisha. Onyesho lililoongozwa na Margaret Webster, José Ferrer akiwa Iago na Uta Hagen akiwa Desdemona, lilifunguliwa tarehe 19 Oktoba katika jumba la Shubert na kuendelea mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyopata kuifikia Broadway kabla yake. Lilipozungushwa katika miji mingine, Robeson alikataa kuigiza mahali popote ambapo watazamaji walikalishwa kwa kutengwa rangi. Mamlaka ambayo mwigizaji hakuwa nayo juu ya maandishi aliyadai juu ya ukumbi.

Sababu ya kumpenda Othello si ngumu kuielewa. Miongoni mwa wahusika Weusi ambao jukwaa la Kiingereza lilimpa, Othello ndiye asemaye lugha ya juu kabisa. Hana lafudhi ya kuchekesha, wala hakatizi maneno kama mtumwa wa hadithini. Mchungaji Robeson alikuwa amemfundisha mwanawe lugha ya namna hiyo hasa. Hata hivyo, Othello naye ni mgeni anayeitumikia dola ya watu wengine na kuangamia miongoni mwao. Kati ya nafasi kubwa za Robeson jukwaani, hakuna hata moja iliyokuwa imetungwa kwa lugha ya Kiafrika. Masomo ya London yalikuwa yamemwonyesha nyumba, ufunguo hakuupata.

Sauti iliyozuiwa

Baada ya vita Robeson aliingia zaidi katika siasa. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Mambo ya Afrika mjini New York, chombo kilichopinga ukoloni na ubaguzi wa Afrika Kusini. Urafiki wake na Muungano wa Sovieti ulimgharimu sana. Mwaka 1949 ghasia zilizuka Peekskill, karibu na New York, katika maonyesho aliyotazamiwa kuimba, na mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa kwake. Ni haki kuongeza kwamba Robeson, aliyepokea Tuzo ya Amani ya Stalin mwaka 1952, hakuyalaani hadharani maovu ya utawala wa Stalin hata yalipofichuliwa. Mtu aliyepigania kauli ya wanyonge alinyamaza kuhusu wanyonge hao.

Kwa muda wa miaka minane mwili wake haukuruhusiwa kuvuka mpaka, lakini sauti ilivuka. Tarehe 18 Mei 1952 aliimba akiwa upande wa Marekani, na Wakanada wakamsikiliza kutoka upande wao. Mwaka 1957 aliimba New York kwa njia ya simu, na wasikilizaji wakamsikia London na kisha Wales.

Wakati huo huo Kenyatta naye alikuwa kifungoni. Alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Baraza la Mambo ya Afrika likawa miongoni mwa vyama vichache vya Marekani vilivyowatetea Wakenya mpaka lilipovunjwa mwaka 1955. Katika kesi ya Kapenguria ugomvi wa lugha ulizuka mahakamani kwenyewe: wakili D. N. Pritt alipinga ukalimani wa Louis Leakey kwa madai ya upendeleo, na Leakey akajiondoa. Waliosimama pamoja katika kijiji cha maturubai cha mwaka 1934, mmoja akiwa chifu mtiifu na mwingine katika kundi, sasa wote wawili walitiwa katika kizuizi na serikali zilizoogopa kauli zao.

Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958 kufuatia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka huo Robeson akatoa kitabu chake Here I Stand. Othello ya 1959 ilikuwa tamthilia yake ya mwisho. Maradhi yalimshika tangu mwaka 1961. Alirudi Marekani mwaka 1963, akaishi kwa ukimya hadi alipofariki mjini Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Hitimisho

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi, lugha ilikuwa yao, na wakati wa mazoezi waliwasahihisha watunzi pale mhusika aliposema jambo ambalo mzee au kijana wa Kikuyu asingelisema. Kibali cha maonyesho kiliondolewa mwezi Novemba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Hapana ushahidi kwamba Kamĩrĩĩthũ iliiga chochote kutoka kwa Robeson, wala hapana haja ya kuutafuta. Kinacholinganishwa hapa ni tatizo lenyewe. Gilpin alisahihisha neno moja akaipoteza nafasi; Robeson alisahihisha wimbo akaupata mzima; waigizaji wa Kamĩrĩĩthũ walisahihisha tamthilia yote, na dola ikaingilia kati.

Kwa mafunzo ya lugha na fasihi, maisha ya Robeson yanaonyesha kuwa ufasaha peke yake haumpi mwigizaji uhuru, na kwamba hata ujuzi wa lugha ya asili hautoshi ikiwa mswada, mkataba na ukumbi vimo mikononi mwa wengine. Historia ya uigizaji katika Afrika Mashariki, tangu michezo ya shule za kikoloni hadi redio na televisheni, ingefaidika kwa kuandikwa kwa kipimo hicho. Waigizaji wetu wengi wazee wamefariki bila mtu kuwauliza ni mistari ipi waliyokabidhiwa, ni ipi waliyoibadilisha, na ni nani aliyewakataza. Majibu ya maswali hayo hayamo katika vitabu vya tamthilia vilivyochapishwa. Yamo katika kumbukumbu za waliosimama jukwaani, na hao hupungua kila mwaka.